Pikapu Isiyo na Fowili Kwenye Mchanga Laini: Soma Dalili Kabla ya Kukanyaga Mafuta

Pikapu isiyo na fowili, yaani isiyosukumwa na magurudumu yote manne, huingia mchangani na kasoro ya kuzaliwa. Injini na giaboksi ziko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na bodi ikiwa tupu hakuna uzito wa maana wa kuyakandamiza yashike. Yale ya mbele yamebeba sehemu kubwa ya uzito wa gari, lakini hayasukumi chochote. Yanalima tu. Hata hivyo gari hili linapita mchangani, tena vizuri, mradi dereva ajue kwamba nguvu ya injini si tatizo lake. Nguvu anayo ya kutosha kujizika. Anachokosa ni mshiko nyuma, na anachopambana nacho ni mchanga unaojikusanya mbele ya matairi.

Kanuni moja inatangulia dalili zote zilizo hapa chini. Gurudumu likizunguka huku gari halisogei, linachimba, na kila mzunguko unaliteremsha zaidi. Toa mguu papo hapo. Ubishi wa sekunde chache hugeuza kazi ya dakika kumi kuwa ya nusu siku.

Gari linakwenda, lakini kama kuna kitu kinalivuta nyuma

Umeingia vizuri, kisha unahisi mwendo unapungua wenyewe ilhali mguu wako haujabadilika. Unaongeza mafuta kidogo, injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki. Hii ndiyo dalili yenye thamani kuliko zote kwa sababu bado una nafasi ya kuchagua.

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi ndicho pekee, ni upepo mwingi kwenye matairi. Kwa makadirio, tairi hukandamiza ardhi kwa shinikizo linalokaribiana na upepo uliomo ndani yake. Lishushe kutoka psi 35 hadi 17 na eneo linalogusa mchanga linakaribia kuwa mara mbili. Wengi hudhani tairi linapanuka kwa upana. Upana huongezeka kidogo tu. Kinachobadilika hasa ni urefu. Alama yake inarefuka mbele na nyuma, na tairi linapanda juu ya mchanga badala ya kusukuma tuta mbele yake.

Anza na psi 18 hadi 20 kwa matairi yote manne, yaani karibu bar 1.3. Gari likiendelea kulalamika, shuka hadi 15. Psi 12 ni ya kujikwamua tu: unatoka ulipokwama kwa mwendo wa polepole, bila kukata kona, halafu unajaza tena. Pikapu iliyobeba mzigo mzito haiwezi kushuka hivyo; yaache matairi ya nyuma na psi tano hivi zaidi ya yale ya mbele, na yatazame ubavuni. Ubavu unatakiwa ubonyee na kuonekana wazi kwamba umebonyea, lakini rimu isikaribie kugusa mchanga. Kumbuka pia kwamba tairi lililotoka kwenye lami sasa hivi lina joto, na geji itaonyesha psi kadhaa zaidi ya ukweli wake. Ukishusha hadi 18 likiwa moto, likipoa litakuwa chini ya hapo.

Kosa la kawaida ni kutoa upepo nyuma peke yake, kwa hoja kwamba nyuma ndiko kunakosukuma. Hoja inasikika vizuri, ila imesahau nusu ya hesabu. Matairi magumu ya mbele yanakata mfereji, na kila sentimita ya mfereji huo ni kazi ambayo matairi ya nyuma yanailipia. Kwenye pikapu ya namna hii kulegeza matairi ya mbele kunasaidia sawa na kulegeza ya nyuma, na bodi ikiwa tupu kunaweza kusaidia zaidi.

Chanzo cha pili ni gia. Ukiwa gia ya juu mno, injini inakosa pumzi katikati ya sehemu laini, unalazimika kubadilisha, na katika muda ule wa klachi kukanyagwa mchanga unalisimamisha gari. Chagua gia kabla ya kuingia na usiiguse. Kwa gari la kawaida la gia za mkono, gia ya pili au ya tatu na injini ikizunguka katikati ya uwezo wake inatosha. Kwa otomatiki, shikilia gia ya chini kwa mkono ili isipande yenyewe kila unapolegeza mguu.

Cha tatu ni mchanga wenyewe kubadilika. Mchanga wenye unyevu kidogo hushikana, mkavu hutiririka. Ndiyo maana njia iliyokubeba alfajiri inaweza kukukwamisha saa nane mchana bila wewe kubadilisha chochote. Tazama rangi: palipo na rangi nzito mara nyingi pana unyevu, palipopauka pamekauka. Ufukweni hesabu hiyo ina mpaka wake. Mchanga uliolowa na kubanwa na maji yaliyokupwa ni mgumu, lakini ule ulioshiba maji kabisa, pale unapokanyaga na maji yanachuruzika kandokando ya mguu, unaweza kulegea ghafla chini ya tairi. Kukwama hapo maji yakijaa ni msiba wa aina nyingine.

Unakanyaga mafuta na injini inagoma, huku taa inamemeta kwenye dashibodi

Ikiwa gari ni la miaka ya karibuni, huo si ubovu. Ni mfumo wa kuzuia tairi kuteleza unaofanya kazi yake, ila mahali pasipostahili. Umeona gurudumu la nyuma linazunguka kasi kuliko la mbele, ukaamua kupunguza nguvu ya injini. Kwenye lami yenye maji hilo linaokoa maisha. Mchangani linakunyang'anya mwendo pale ulipouhitaji.

Zima kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Hapa inafaa kujua kwamba mfumo huo una mikono miwili: mmoja unapunguza nguvu ya injini, mwingine unabana breki ya gurudumu linaloteleza ili nguvu iende kwa mwenzake. Wa kwanza unakuumiza, wa pili unakusaidia. Katika magari mengi kubonyeza kitufe mara moja kunazima ule wa injini na kuuacha wa breki, na kukishikilia kwa sekunde kadhaa kunazima zaidi. Kila muundaji ana utaratibu wake, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe nyumbani, si ukiwa umepiga magoti mchangani.

Gurudumu moja la nyuma linazunguka, la pili limetulia tuli

Mtu asiyejua huangalia hali hii akadhani shafti imekatika. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa pande zote mbili, na kiasi kinachogawiwa hakiwezi kuzidi kile ambacho gurudumu lenye mshiko mdogo linaweza kukipokea. Upande mmoja ukiwa juu ya mchanga mwepesi, upande wa pili unapata kiasi kilekile kidogo hata kama umesimama mahali pagumu. Kasi ndiyo haigawiwi sawa: inaenda yote kwa linalozunguka.

Dawa ni kulipatia mshiko lile linalozunguka. Toa mchanga mbele na nyuma yake, kandamiza kibao au matawi chini yake, au ushushe upepo wake zaidi. Watu wengi huhangaika na gurudumu lililotulia kwa kuwa ndilo linaloonekana limekufa. Liache, halina neno.

Kuna ushauri maarufu wa kuvuta breki ya mkono nusu ili nguvu ihamie upande wa pili. Kwenye difu yenye klachi au gia za ndani za kupunguza mtelezo, unasaidia kweli. Kwenye difu ya kawaida msaada wake ni mdogo kuliko sifa zake, kwa sababu breki ya mkono inabana pande zote mbili kwa pamoja: unachompa yule aliyetulia kwa mkono huu unamnyang'anya kwa mkono ule. Trekta ndilo linalonufaika sawasawa, kwa kuwa lina pedeli mbili za breki, kila moja na upande wake. Kujaribu mara moja, taratibu, si dhambi. Kukaa unarudia huku tairi linashuka ndiyo dhambi.

Baadhi ya pikapu zisizo na fowili zina kifungio cha difu ya nyuma. Kama yako inacho, kifunge kabla ya kuingia na endesha kwa kunyooka. Kikiwa kimefungwa gari halipendi kukata kona, na kwenye ardhi ngumu kinaweza kuvunja kitu.

Magurudumu yote mawili yanazunguka na nyuma inashuka

Umekwama. Sasa kinachoamua ni unachofanya katika dakika ya kwanza.

Toa mguu. Usigeuze usukani. Teremka uangalie mchanga umefika wapi: chini ya nusu ya rimu, au umeshafika ekseli. Angalia pia difu na bomba la moshi. Bomba likizibwa na mchanga, moshi hukosa pa kutokea, unaweza kuingia ndani ya kabini, na ndani yake kuna hewa ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya. Lisafishe kabla ya kuwasha injini tena.

Mchanga ukiwa chini ya nusu ya rimu, jaribu kurudi nyuma kwanza. Njia uliyojia umeshaikandamiza wewe mwenyewe kwa uzito wa gari zima. Mbele yako ni mchanga mbichi na tuta la matairi ya mbele. Nyoosha usukani, tia rivasi, achia klachi taratibu na lipe mafuta kidogo sana. Gari likisogea hata hatua moja, endelea kwenye alama zilezile mpaka ufike pagumu. Halafu simama, toa upepo zaidi, na uamue upya kama unapita hapo au unatafuta njia nyingine.

Likigoma, kulicheza mbele na nyuma kunaweza kusaidia: mbele kidogo, rivasi kidogo, kila mara ukiachia kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka bure. Lengo ni kukandamiza kinjia kifupi ambacho kila safari kinarefuka. Kama kinjia hakirefuki, acha. Usiifanye hivi kwa otomatiki kwa fujo, giaboksi yake inachemka upesi.

Hilo nalo likishindikana, ni koleo. Na hapa wengi huchimba vibaya. Wanachimba shimo nyuma ya tairi, wima kama kaburi, halafu wanashangaa tairi haliwezi kulipanda. Unachotakiwa kuchimba ni mteremko mrefu, mlalo kadiri unavyoweza, kuanzia chini ya tairi hadi usawa wa juu, upande unaotaka kutokea. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne. Mchanga uliosimama mbele au nyuma ya matairi yasiyosukuma unalizuia gari sawasawa na ule wa yanayosukuma, na kuuondoa ni rahisi kuliko kuushinda kwa injini. Utupe mbali, maana ukiuweka pembeni utarudi.

Vibao vya kujikwamulia vikiwepo, viingize chini ya matairi ya nyuma vikiegemea mteremko ule, ncha yake ikiwa imejibana kabisa kwenye mpira. Visipokuwepo, mikeka ya miguuni, matawi, magunia au vipande vya zulia vinaweza kutoa mita moja au mbili zinazotosha. Asiwepo mtu nyuma wala mbele ya magurudumu wakati wa kuondoka, kwa sababu kibao kinarushwa kwa nguvu ya kuvunja mguu. Likianza kutoka usisimame kushangilia. Nenda mpaka pagumu, vibao utavifuata kwa miguu.

Watu wakiwepo, wawili watatu wakisukuma kwa pembeni ya bodi wanasaidia kuliko wanavyofikiri. Wengine hupenda kupanda bodini ili kuongeza uzito nyuma. Mshiko unaongezeka kweli, lakini mtu aliyesimama kwenye bodi ya gari linaloruka kutoka shimoni anatupwa. Mzigo usio na miguu ni bora.

Na swali la mzigo lenyewe? Pikapu tupu inakosa mshiko nyuma, pikapu iliyojaa inazama. Kati ya hayo mawili mimi ningechagua uzito mdogo, kama kilo 100, uliofungwa imara juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kisha nikashusha upepo ili kufidia. Ukiuweka mwishoni kabisa mwa bodi unaupunguzia uzito upande wa mbele na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Ukipakia magunia ya mchanga wenyewe una faida moja ya ziada: yakikuzidi, unayamwaga.

Magurudumu yanazunguka kirahisi ajabu na gari halitikisiki

Sauti inabadilika. Haikwaruzi tena, inavuma. Maana yake matairi hayabebi gari; gari limekalia tumbo, kwenye difu, chesisi au tangi la mafuta, na matairi yananing'inia ndani ya mashimo yake. Hapa kutoa upepo peke yake hakusaidii, kwa kuwa tairi halijabeba kitu. Kuweka kibao mbele ya tairi pia hakusaidii mpaka tumbo liachiliwe.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulala chini na kutoa mchanga uliobeba difu na chesisi. Ni polepole na inachosha, na usiingize mwili chini ya gari: mchanga ukiondoka, gari linashuka. Tumia koleo lenye mpini mrefu ukiwa nje. Ya pili ni jeki. Jeki iliyowekwa juu ya mchanga mtupu inazama yenyewe huku gari limebaki palepale, kwa hiyo lazima iwe na ubao mpana na mnene chini yake. Zuia magurudumu yaliyobaki yasisogee, inua gurudumu moja la nyuma, jaza mchanga chini yake na uukandamize vizuri, weka kibao juu, teremsha. Kisha upande wa pili. Ukimaliza, tumbo liko hewani na matairi yako juu ya kitu.

Nyuma inarukaruka na kugonga

Gurudumu linashika, linaachia, linashika tena, haraka sana, na springi za nyuma zinajipinda na kujirudisha kila mara. Utalisikia kama nyundo chini ya bodi. Hii ndiyo namna rahisi ya kuvunja shafti au krosi ya propela, na haikusogezi mbele hata kidogo. Toa mguu kabisa, usipunguze tu. Ondoka upya kwa gia ya pili badala ya ya kwanza ili nguvu ifike magurudumuni kwa upole. Hali ikijirudia hata kwa mguu mwepesi, kagua shokapu na nati za yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli. Zikilegea, ekseli hujipinda zaidi ya kawaida.

Usukani umegeuzwa, gari linaendelea kunyooka

Matairi ya mbele yaliyopinda yanakuwa ukuta, na nyuma haina nguvu ya kusukuma ukuta. Kwa hiyo pikapu hii mchangani inakata kona kwa duara kubwa, mapema, na kwa kugeuza kidogo. Ukihisi haigeuki, rudisha usukani karibu na katikati, acha ishike, kisha geuza tena nusu ya ulivyotaka. Kugeuza zaidi ndiyo breki kubwa kuliko zote.

Ndani ya mifereji iliyochimbwa na magari mengine kuna mtego wa ziada. Mfereji unaliongoza gari hata usukani ukiwa umepinda, nawe hujui. Mfereji ukiisha au ukigusa pagumu, matairi yanashika ghafla na gari linarukia upande. Chungulia dirishani uone matairi yameelekea wapi kabla ya kuongeza mafuta. Na vidole gumba vikae nje ya usukani, visiuzunguke. Tairi likigonga kingo ya mfereji usukani unaweza kujizungusha kwa nguvu.

Kila ukisimama, hutoki tena

Namna ya kusimama ndiyo yenye kosa. Breki inasukuma tuta mbele ya kila tairi, na baada ya hapo unaondoka ukipanda ngazi nne. Usifunge breki, toa mguu, kanyaga klachi dakika ya mwisho, mchanga utalisimamisha gari wenyewe. Chagua mahali pa kusimama: pagumu, penye majani yaliyoshika udongo, au pua ikiwa inatazama mteremko. Ukisimama kwenye mwinuko umechagua kukwama. Kuondoka ni kwa gia ya pili, mguu mwepesi. Likisita, rudi rivasi urefu wa gari moja kwenye alama zako, halafu uende mbele kwa kinjia hicho.

Linaishiwa nguvu katikati ya mwinuko

Usigeuze. Pikapu iliyogeuka ubavu kwenye mteremko wa mchanga inaweza kubingirika, kwa kuwa matairi ya chini yanazama na ya juu hayazami. Mwendo ukikaribia kuisha na kilele hakijafika, kanyaga klachi na breki kwa pamoja, tia rivasi, achia breki na ushuke kwa kunyooka kwenye alama zako huku injini ikilishikilia gari. Injini ikizimika, usishuke kwa fri. Iwashe ikiwa ndani ya rivasi huku klachi imekanyagwa. Unapojaribu mara ya pili, rudi nyuma zaidi upate mwendo ukiwa bado chini. Mwendo unatafutwa kabla ya mwinuko. Ukiutafuta juu yake unachimba.

Wenye vigari vya bodi vinavyovutwa na magurudumu ya mbele wana tatizo la kinyume. Kwenye mwinuko uzito unahamia nyuma na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko. Mwinuko mfupi uliowashinda kwa mbele wakati mwingine unapandika kwa rivasi.

Harufu ya kuungua, au sindano ya joto inapanda

Harufu kali kama ya bamba la breki lililounguzwa ni klachi. Umeiachia nusu kwa muda mrefu. Simama, acha mguu mbali na pedeli, injini iendelee kuzunguka ikiwa fri, na upe dakika 15 au zaidi. Kuendelea kujaribu wakati inanuka kunaimaliza klachi kwa alasiri moja.

Otomatiki haina harufu hiyo, ina taa ya joto la giaboksi, au hunuka mafuta yaliyoungua. Weka P, injini ikizunguka, ili mafuta yaendelee kupita kwenye kipoza.

Sindano ya injini ikipanda, sababu ya kawaida ni mzunguko mkubwa wa injini kwa mwendo mdogo, au upepo unaokupiga mgongoni hata hewa isipite vizuri kwenye rejeta. Zima kiyoyozi, geuza pua ielekee upepo, na uache injini izunguke polepole ili feni na pampu ya maji zifanye kazi. Angalia pia mbegu za nyasi zilizoziba rejeta. Kofia ya rejeta haifunguliwi ikiwa moto. Na usisimame juu ya nyasi kavu: bomba la moshi lililotoka kwenye kazi hiyo linaweza kuziwasha.

Tairi limetoka kwenye rimu

Upepo ulikuwa chini mno na kona ilikuwa kali mno. Inua kwa jeki juu ya ubao, safisha mchanga wote kwenye mdomo wa tairi na kwenye rimu, maana chembe chache zinatosha kuvujisha, kisha jaza kwa kompresa huku ukikandamiza mdomo wa tairi mahali pake. Kompresa ndogo isipoweza, weka spea. Ile mbinu ya kulipua kwa petroli au gesi iachwe kwa wasiopenda nyusi zao.

Gari jingine limekuja kukuvuta

Chimba kwanza hata kama mvutaji ana haraka. Gari lililochimbuliwa linavutwa kwa nguvu ndogo zaidi. Funga kamba kwenye ndoano au tundu lililotengenezwa kwa kazi hiyo kwenye chesisi. Kamwe usifunge kwenye tufe la kuvutia trela. Likikatika linaruka kama risasi, na limeshaua watu. Weka blanketi au koti zito katikati ya kamba, kila mtu akae mbali kuliko urefu wa kamba hiyo, na wewe uendeshe taratibu kwa gia ya pili wakati unavutwa.

Umerudi kwenye lami na gari si lile

Kwanza jaza upepo, papo hapo. Tairi lenye psi 18 likikimbizwa kwa mwendo wa barabara kuu linapata joto ubavuni mpaka linapasuka. Kama huna kompresa, nenda chini ya kilomita 40 kwa saa hadi utakapoipata.

Usukani ukitetemeka kwa mwendo fulani ilhali upepo uko sawa, usikimbilie kubalansi magurudumu. Chungulia upande wa ndani wa rimu: mchanga au matope yaliyoganda huko yanatosha kuvuruga mzani. Osha, jaribu tena.

Breki zikilia au kukwaruza, mara nyingi ni mchanga kati ya bamba na diski, na unaisha baada ya kufunga breki kidogo mara kadhaa na kumwagia maji zikiwa zimepoa. Breki za ngoma za nyuma ni tofauti. Mchanga ukiingia hautoki wenyewe, na unakula bamba na ngoma kimyakimya. Ngoma zifunguliwe zisafishwe, na breki ya mkono ijaribiwe kama inaachia. Kagua filta ya hewa. Kama ulikuwa ufukweni, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hasa ndani ya chesisi na juu ya ekseli, mahali ambapo mchanga wa chumvi hujificha ukaendelea kula chuma wiki nyingi baada ya safari.